Korosho za Mkuranga jijini Dar: shajara ya wiki moja na akina mama wa kikundi

Ijumaa

Walishuka Mbagala Rangi Tatu kabla jua halijakolea, wanawake wanne na ndoo tatu kubwa zilizofungwa kanga juu ya mfuniko. Kondakta alikuwa anadai nauli ya kila ndoo kama ya mtu mzima. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alimwuliza kama ndoo nazo alizipa siti. Wakamalizana kwa elfu moja.

Ndani ya ndoo mlikuwa na korosho zilizobanguliwa, kilo 30 hivi. Kikundi chao kiko kijijini, ndani ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa ukishaipita Mkuranga mjini. Wanabangua korosho za mashamba yao wenyewe, na kila Jumamosi wanakaa chini ya mwembe kuweka hisa, yaani akiba ya kikundi wanayokopeshana. Mimi naishi Mbagala na kazi yangu ni ya vitabu vya hesabu, kwa hiyo shangazi alipopiga simu hakuniomba, alinijulisha: "Mwanangu, tunakuja. Utatutembeza, na daftari letu utaliangalia." Nikachukua likizo.

Wanataka mambo matatu: kumpata mnunuzi asiye yule wa pikipiki anayewafuata kijijini, kununua vifungashio, na kujua nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inapatikanaje. La nne halikusemwa ila linajulikana. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba yameshafunguliwa na hakuna aliyekubali kurudi bila kuyaona.

Jioni walitandika mkeka sebuleni na kuanza kuchambua. Kuna mama mmoja wao wanamwita Bibi, ingawa hajawa mzee wa kuitwa hivyo. Alimimina korosho kwenye ungo, akazitawanya kwa kiganja, na vidole vikaanza kazi wakati macho yako kwenye televisheni: nzima huku, nusu pale, vipande pembeni, na zile zenye doa jeusi kwenye kikombe. Niliviangalia vile vidole kwa karibu. Ncha zake ni ngumu na nyeusi, na kwenye kidole cha shahada ngozi imemenyeka ikapona, ikamenyeka tena. Ni utomvu wa ganda huo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi kama tindikali. Wao hujipaka majivu au mafuta ya nazi kabla ya kushika, na bado yanapenya. Kijijini wanachoma kwenye karai lenye matundu, yale mafuta yanatiririka motoni na kuwaka, moshi unakaba koo, halafu wanazimwagia mchanga, wanazigonga moja moja kwa kijiti, na baada ya hapo kuna kumenya lile ganda jembamba la ndani. Mnunuzi wa barabarani anaona paketi tu.

"Moshi nimeuzoea," Bibi alisema. "Nisichokizoea ni bei."

Jumamosi

Kariakoo. Tuliondoka mapema ili tuwahi kabla Mtaa wa Kongo haujafurika, lakini Kariakoo huiwahi hata ukilala hukohuko. Ndoo moja tulibeba kama sampuli, mweka hazina kaishika yeye na hakukubali kupokewa. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, ndiye mdogo kuliko wote, na ndiye pekee aliyeandika kila tuliloambiwa.

Duka la kwanza, mzee mmoja alichukua korosho moja akaivunja kwa vidole viwili karibu na sikio. Korosho iliyokauka vizuri hulia. Akatafuna nusu, nusu nyingine akaitazama kwenye mwanga. "Nzuri, ila mmechoma. Mimi nataka nyeupe." Nyeupe ni zile za kupikwa kwa mvuke, hazina doa la moto. Akasema 19,000 kwa kilo. Shangazi akataka kukubali palepale, maana yule wa pikipiki huwapa 17,000. Mweka hazina akamkanyaga mguu.

Duka la tatu lilikuwa la kijana anayefungasha vipaketi vidogo vya wauzaji wa kwenye foleni, wale wanaopita kati ya magari taa zikiwa nyekundu. Huyu doa jeusi halimsumbui. Alisema 21,000, pesa mkononi, na kila akipokea mzigo analipa saa hiyohiyo kwa simu. Halafu akaongeza, kama mtu anayetoa zawadi: "Au mniachie mali kauli, niwape 24,000."

Mali kauli kila mfanyabiashara wa Dar anaijua: unaacha mzigo kwa neno, akishauza anakulipa. Wengi wa hapa wameinukia humo, na wapo waliozamia humo. Shangazi alinigeukia. Nikamwambia tutajibu baadaye, na mbele ya yule kijana sikuongeza neno.

Vifungashio vilituchosha zaidi ya kuuza. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, akina mama walikuwa wanaogopa kila kitu chenye nailoni, wakidhani hata paketi ya bidhaa ni kosa. Muuzaji aliwaeleza kwamba vifungashio vya bidhaa ni habari nyingine. Waliipenda paketi ya kahawia yenye zipu na kidirisha, inayosimama yenyewe mezani. Bei ya moja moja inatisha, bei ya mia inavumilika. Wakanunua mia za robo kilo.

Katibu alitaka lebo ichorwe mti wa mkorosho, jua na bahari. Kijijini kwao bahari haionekani. Mchoraji alikuwa mvumilivu, akawaambia kwanza wampe maneno ya lazima: jina la bidhaa, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika, namba ya toleo, jina na anwani ya mtengenezaji. Kwenye anwani nikadhani tumekwama. Mweka hazina akatoa simu akaonyesha picha ya kibao cha namba ya nyumba, kile kilichobandikwa mwaka 2022 kwenye zoezi la anwani za makazi kabla ya sensa. Namba, jina la barabara, kila kitu. Zoezi lile sisi mjini tulilitania sana.

Jumapili

Siku ya daftari. Hatukutoka.

Daftari lao ni safi kuliko ya maduka mengine ninayoyakagua, kwa upande wa hisa. Nani kaweka ngapi, nani kakopa, nani karejesha, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawepo. Utaratibu huu una safari yake ndefu: ulianzia Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE, ukaja kusambaa Afrika nzima, na hapa kwetu vikundi hivi vilipata nafasi yake kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne. Kikundi chao kimesajiliwa. Cheti wamekifunga kwenye nailoni na kukihifadhi ndani ya sanduku.

Lakini upande wa korosho daftari lilikuwa na safu mbili tu: tuliuza, tulipata. Hakuna tulitumia. Nikawauliza kilo moja ya hizi inawagharimu kiasi gani. Katibu akasema kuni na chumvi. Na korosho zenyewe? "Korosho ni zetu, za shambani."

Hapa ndipo tulipokaa mpaka adhuhuri. Korosho ghafi ni zako, ndiyo, ila ungeweza kuziuza ghafi. Ili upate kilo moja iliyobanguliwa unahitaji kilo nne mpaka tano za ghafi. Tukaweka tano, kwa sababu nyingine huvunjika na nyingine huharibika, na tukaweka bei ya ghafi 3,000. Hiyo ni 15,000 kabla hujawasha moto. Kuni, chumvi na kusafirisha, 1,200. Jumla 16,200. Yule wa pikipiki anatoa 17,000.

"Shilingi mia nane," mweka hazina alisema.

Nikauliza mtu mmoja anatoa kilo ngapi safi kwa siku. Wakabishana, wakakubaliana kwamba ukiamka alfajiri na mtoto asiugue, mbili hazifiki. Bibi alikuwa anamenya viazi jikoni, akaja na kisu mkononi. "Yaani mimi nikishinda kwenye moshi kutwa, nalipwa elfu na mia sita?" Hakuna aliyemjibu. Shangazi akasema tule kwanza.

Watu wanaokuja vijijini kusaidia akina mama mara nyingi huleta semina ya ujasiriamali, fulana na cheti. Nimeona vyeti vingi ukutani. Sijaona semina inayoanza na kuipa bei kazi ya mwanamke mwenyewe na mali ya shamba lake mwenyewe, na bila hizo mbili mtu anaweza kula mtaji wake miaka kumi huku akiita faida.

Jumatatu

SIDO Vingunguti asubuhi, TBS Ubungo mchana. Kwa daladala, kwa watu wasiozoea kusimama kwenye gari kwa kuning'inia, ilikuwa safari.

SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na pale Vingunguti unasikia vyuma kabla hujaona geti. Tulichotaka kilikuwa kidogo: kuelewa barua ya utambulisho. Mjasiriamali mdogo akiwa na barua ya SIDO, TBS humpokea bila ada kwa kuanzia, na wao wataipata kwenye ofisi ya mkoa wao, Pwani. Dada aliyetuhudumia aliwaandikia majina ya nyaraka kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Mambo madogo hayo, lakini shangazi aliikunja ile karatasi akaiweka kifuani, mahali anapoweka pesa.

Kutoka hapo tukakata kupitia Buguruni, Barabara ya Mandela moja kwa moja mpaka Ubungo, chini ya yale madaraja ya juu. TBS ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, kazi ambayo kabla yake ilikuwa ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Ofisa aliyetupokea hakuwa na haraka. Aliuliza maswali ambayo mwanzoni yalionekana ya kawaida, halafu yakaanza kuuma.

Mnabangulia wapi? Uani. Mnamenyea wapi? Kwa mwenyekiti, sebuleni. Mnahifadhi wapi? Chini ya kitanda, kwenye ndoo.

Akaeleza taratibu. Eneo la kuzalishia chakula cha kuuza halitakiwi kuwa nyumba wanamolala watu. Linahitaji chumba chake, sakafu ya saruji inayosafishika, dari, wavu madirishani, maji ya kunawa, choo kisichofungukia humo, na nguo za kazini. Akawaeleza pia kuhusu sumukuvu, ile sumu ya fangasi inayoota kwenye karanga na nafaka zilizohifadhiwa na unyevunyevu, kwamba haionekani wala hainukii kila mara na kuikaanga hakuiondoi. Bibi aliuliza kama ndoo yenye mfuniko haitoshi. Akajibiwa kwamba ukifunika kitu kibichi, umefungia unyevu ndani. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekumbuka ndoo fulani.

Walitoka kimya. Kwenye kituo cha mwendokasi katibu akasema, "Kwa hiyo tunatakiwa tujenge." Mwenyekiti akajibu kwamba ghala la zamani la kijiji lipo, limekaa na popo. Mpaka tunashuka Gerezani walikuwa wameshalipaka chokaa kwa maneno.

Jumanne

Supamaketi. Jina silitaji, zinafanana.

Mimi ndiye niliyeomba miadi, na nilitaka waende wenyewe ndani. Walivaa kanga za sare ya kikundi. Meneja wa manunuzi alikuwa kijana mwenye heshima, aliwaamkia wote shikamoo, akasifu paketi. Akawaambia bei anayoweza kununulia, ambayo kwa kilo inafika 26,000. Shangazi alinitazama kwa jicho la "unaona?"

Halafu yakaja masharti. Wataanza na paketi zinazofika kilo 40 kwa mwezi, bila kukosa. Nembo ya TBS. Msimbo wa mistari kwenye paketi, ule unaopigwa na mashine kaunta. Zisizouzika zinarudishwa. Malipo ni baada ya siku 60 tangu kupokelewa.

Mweka hazina aliomba kalamu. Alipiga hesabu mbele yake, juu ya paketi yao wenyewe. Gharama 16,200 na kifungashio na lebo 1,600, jumla 17,800 kwa kilo. Miezi miwili ya kusubiri ni kilo 80 zilizokwisha kuondoka nyumbani bila hata senti kurudi. 1,424,000.

"Kaka yangu," akamwambia, "sanduku letu lote halijafika milioni mbili. Hizo siku 60 tutakuwa tunakula nini, na za mwezi wa tatu tutazinunulia nini?"

Kijana alicheka kwa aibu kidogo, akasema ndio utaratibu wa kampuni, kwa wote. Na kweli ni kwa wote. Kiwanda kikubwa kinasubiri siku 60 kwa sababu benki inakisubiria. Mama wa Mkuranga anasubiriwa na ada ya shule, na ndiyo maana yule wa pikipiki anampata kwa 17,000: anafika na pesa siku ambayo pesa inahitajika. Kwa miaka mingi tumemwita mlanguzi na kumlaani. Lakini anachowauzia wale akina mama ni haraka, na anaitoza ghali. Sasa naona kwamba mtaji unaokosekana kijijini ni ule wa kusubiri. Karai wanalo, mikono wanayo, mikorosho wanayo. Miezi miwili hawana.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, tulinunua mihogo ya kukaanga na pilipili na wakaamua bila mimi. Sehemu kubwa ya mzigo iende kwa kijana wa vipaketi, 21,000 pesa mkononi. Mali kauli wampe kidogo tu, kiasi ambacho kikipotea sanduku halitikisiki. Supamaketi isubiri. Katibu alisema neno "isubiri" kwa raha sana.

Jumatano

Sabasaba. Foleni ya tiketi, vumbi, muziki kutoka kila banda, watoto wanaolilia maputo. Maonyesho haya yamekuwa makubwa kiasi kwamba mtu anaweza kusahau kuwa saba ya Julai ni siku TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipozaliwa, 1954. Bibi hakusahau, alisimulia habari za TANU njia nzima kama alikuwepo.

Kwenye mabanda ya wajasiriamali waliuliza maswali ambayo mimi nisingefikiria kuuliza. Kwa akina mama wa Zanzibar wenye sabuni za mwani hawakuuliza sabuni inatengenezwaje. Waliuliza banda mmelipia shilingi ngapi, mnalala wapi, waume wamesemaje. Kwenye swali la tatu walicheka pamoja muda mrefu, na simu ya katibu ikaita palepale. Mume wake, kwa mara ya pili siku hiyo, akiuliza chumvi iko wapi.

Banda lililowashika ni la mashine ya kubangulia ya meza. Korosho zinapikwa kwanza kwa mvuke, zinapoa, halafu unaweka moja kati ya visu viwili, unakanyaga pedali na kuzungusha mkono, ganda linafunguka vipande viwili. Kijana wa banda alimkalisha Bibi. Ya kwanza aliivunja, ya pili akaivunja, ya nne ikaruka ikampiga mtu. Ya tano ilitoka nzima, nyeupe, haina doa. Akaishika kwenye mwanga kama yule mzee wa Kariakoo. Akaendelea, na baada ya muda watu walikuwa wamesimama kumwangalia yeye, kijana akawa anamletea tu.

Bei ya mashine na sufuria la mvuke ilizidi kilichomo sandukuni. Hapo shangazi akalitaja lililokuwa moyoni mwake tangu Ijumaa: mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya kelele nyingi za fedha kupotea kwenye vikundi hewa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Wao wana usajili, wana daftari, sasa wana na hesabu ya gharama. Mweka hazina akasema mkopo ukiwa wa mashine na ghala, sawa, lakini usiwe wa kwenda kusubiria supamaketi.

Bibi alikuwa bado amekaa kwenye mashine. "Mimi mkopo simo. Kikundi kikishindwa kulipa wanakuja kwa mwenye mbuzi. Na mwenye mbuzi ni mimi."

Alhamisi

Kariakoo tena, kwa haraka. Kijana alipima, akataka kupunguza kilo moja akidai ni uzito wa ndoo, mweka hazina akamimina korosho zote kwenye turubai lake na kupima ndoo tupu mbele ya watu. Pesa iliingia kwenye simu. Makato ya kutolea walikuwa wameshayaandika kwenye safu mpya ya daftari, "tulitumia". Vipande na zenye doa alichukua mama lishe mmoja, anasema anavitia kwenye pilau na wali wa sherehe.

Rangi Tatu kondakta mwingine, ugomvi uleule, safari hii wa boksi la vifungashio. Elfu mbili. Shangazi kalipa bila neno na kumwomba mweka hazina aandike.

Jumamosi wana kikao cha hisa na ajenda ni moja: ghala, mashine, mkopo. Shangazi ameshahesabu kura na anasema watu wengi wapo upande wake. Nikamkumbusha kwamba sanduku lina funguo tatu na mmoja anakaa nao Bibi. "Najua," akasema akipanda gari, "ndiyo maana nimemkalisha siti ya dirishani."